Kopo Mbele ya Kandambili

Kopo lilikuwa la biskuti, la bati, la duara, na siku ile halikuwa na mwenyewe.

Msusi ndiye aliyeliona kwanza. Alikuwa amezipanga kandambili za mdogo wake kwenye foleni robo saa tu iliyopita, na mbele yake palikuwa na chupa ya maji ya Mzee Redio, hakuna kingine. Sasa kati ya chupa na kandambili lilikaa kopo, limejibana vizuri, mfuniko wake umechubuka rangi pembeni.

"Hili la nani?" aliuliza.

Watu kwenye benchi walitazamana. Mzee Redio, mstaafu wa posta aliyetembea na redio ndogo iliyofungwa kwa raba, alizima redio yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nesi alipomwomba.

"Mimi sijaona mtu akiweka," alisema.

Asiyewahi kuuguza saratani atacheka akisikia habari za foleni ya vitu. Acha acheke. Kliniki ile ilikuwa Jumanne tu, daktari mmoja, wagonjwa thelathini. Wa thelathini na moja aliambiwa arudi wiki ijayo, kana kwamba ugonjwa nao huchukua likizo. Geti lilifunguliwa saa kumi na moja alfajiri, na nambari ziligawiwa saa mbili. Ni nani mwenye dawa ya kuchoma mishipa mwilini atakayesimama saa tatu nzima? Basi wagonjwa walijipangia wenyewe utaratibu: vitu visimame, watu wakae. Kandambili, chupa, kofia, mwavuli, mfuko wenye jiwe ndani, vyote vilijipanga kwenye sakafu ya korido kutoka mlango wa daktari hadi chooni. Karani alikuja na nambari zake za karatasi ngumu, akaweka moja juu ya kila kitu, na mwenyewe akaifuata. Kitu chako pale ndicho kilikuwa wewe. Watu waliodhulumiana huko mitaani kwao bila kupepesa jicho, pale koridoni hawakugusa hata kamba ya kiatu ya mwenzao.

Msusi alikuwa na saluni yake, mikono yenye nguvu na mdomo usio na breki. Mdogo wake alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu wa kuuomba samahani hata mlango akijigonga nao. Wazazi walipofariki mdogo alikuwa na miaka tisa, na dada ndiye aliyemlisha, akamsomesha, akawafukuza wachumba wawili wasiofaa. Sasa mdogo alikuwa na uvimbe kwenye titi, na alipangiwa dripu kumi na mbili, moja kila wiki. Alikuwa amefikisha nane. Kabla ya kila dripu ilikuwa lazima daktari ampime na kutia saini. Bila saini, nesi hakugusa hata sindano.

Karani alipita siku hiyo, nusu amelala. Kopo likapata nambari kumi na mbili, kandambili zikapata kumi na tatu.

Saa tano ikafika. "Nambari kumi na mbili!"

Hakuinuka mtu. Lakini mlango wa daktari, mlango ule uliokwama siku zote hadi usukumwe kwa bega, ulifunguka taratibu ukajifunga. Ndani ikasikika sauti ya daktari ikisema, "Karibu, kaa." Kisha kimya. Kisha sauti nyingine, ndogo, ya chini kwa chini, tak-tak-tak-tak, inaenda, inasimama, inaenda tena. Koridoni pakanuka mafuta ya cherehani na kitambaa kibichi kilichopigwa pasi.

Dakika tano baadaye daktari alitoka, koti mkononi, macho yamemtoka. "Kuna dharura wodini," alisema bila kumtazama mtu, akaenda zake. Walimsubiri mpaka saa tisa. Kuanzia nambari kumi na tatu wote walirudi nyumbani bila kuonwa, na kopo halikuonekana tena.

"Bahati mbaya tu, dada," mwalimu alisema njiani, kichwa kimeegemea bega la mwenzake. "Tutawahi zaidi wiki ijayo."

Hebu tusifichane: dada alilijua lile kopo. Alilijua tangu alipoliona.

Jumanne iliyofuata waliwahi, wakawa wa nne. Msusi alizipanga kandambili mwenyewe, akazikodolea macho. Akapiga chafya moja. Alipofumbua macho kopo lilikuwa mbele ya kandambili, nazo zimekuwa za tano. Nambari nne ilipoitwa mlango ulifunguka wenyewe, mguu usioonekana ukakanyaga cherehani isiyokuwepo, daktari akatoka mbio na koti lake, na kliniki ikafa pale pale.

Huko saluni nako hakukuwa na amani. Jumatano mchana, jua linawaka nje na wateja wawili wanacheka kwenye sofa, msusi alikuwa akimsuka bi harusi mtarajiwa. Vidole vyake vilikwenda kwa mazoea, yeye mawazo yako mbali, mpaka mteja aliposema, "Mama, mbona unanichoma?" Aliangalia chini. Hakuwa na rasta mkononi. Alikuwa na uzi mweusi na sindano ya kushonea nguo, na mistari mitatu kichwani kwa yule binti ilikuwa imeshonwa kwa mishono midogo, iliyonyooka, ya mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Tone moja la damu liliteremka nyuma ya sikio. Msusi hakujua kushona hata kifungo.

Alimfumua akiomba radhi, akafunga saluni, akakaa chini ya feni. Hasira ilimpanda kuliko hofu. "Unataka nini?" aliuliza chumba kitupu. "Nikulipe nini, mama? Mimi ninaye mmoja tu!" Chumba kilinuka mafuta ya cherehani.

Jumanne ya tatu alikodi gari. Saa tisa alfajiri walikuwa getini, wao peke yao, na mlinzi alipofungua kufuli msusi alimwacha mdogo wake akitembea polepole, akakimbia na kandambili kifuani kama mwizi wa kuku, akapita dirisha la mapokezi, akapita maabara, akaingia koridoni ambako hapakuwa na mtu wala kitu, sakafu tupu imepigwa deki na bado ina maji, akafika mlango wa daktari, akazibandika kandambili mlangoni kabisa hadi ncha zake zikagusa mbao, kiasi kwamba hata unyasi usingepita katikati, akasimama juu yake, mguu huku na mguu huku, akahema, akainua macho kumtafuta mdogo wake aliyekuwa anakuja kule mwisho ameshika ukuta, na alipoyashusha tena kandambili zilikuwa zimerudi nyuma shubiri moja, na pale mlangoni, kwenye maji ya deki yasiyokuwa na alama ya unyayo hata mmoja, kopo lilikuwa limekaa likimngoja.

Shubiri moja. Alikaa chini sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani.

Siku hiyo kopo lilikuwa nambari moja, kwa hiyo hakuonwa mtu hata mmoja. Wagonjwa wote walikaa hadi saa tisa, wanatapika kwenye mifuko, wanapepeana kwa faili, wanalaani. Nesi wa dripu alimwita msusi kando ya benchi alilolalia mwalimu.

"Mwalimu amekosa dripu tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Daktari ameandika kwenye faili: akikosa ya nne mfululizo, haya yote mliyofanya yanakuwa bure. Uvimbe utarudi, na mwili wake hauwezi kuanza upya. Dada, Jumanne ijayo hakikisha."

"Nihakikishe vipi?" msusi alifoka. "Niwe daktari mimi?"

Nesi aliangalia kopo pale mlangoni, akajifanya hamnazo, akaondoka.

Hapo ndipo Mzee Redio alipomsogelea msusi. Mwalimu alikuwa amelala kwenye benchi, khanga imemfunika uso.

"Nilikuona," mzee alinong'ona.

"Uliniona nini?"

"Usinifanye mtoto. Ile Jumanne. Nilikuona ukiinama."

Kwenye benchi, watu watatu walikuwa wamegeuka upande mwingine kwa haraka mno, na msusi akaelewa kwamba nao walimwona.

Ilikuwa hivi. Wiki chache nyuma, siku ambayo mdogo wake aliamka na homa na wakachelewa, kandambili zilikuwa za thelathini na moja. Kitu cha thelathini kilikuwa kopo la biskuti lenye nyuzi na sindano, mali ya fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, mpole, aliyeshona sare za shule mtaani kwake na kupenda kuwatania manesi kwamba mishono yao imepinda. Siku hiyo Mama Fundi hakutania. Alikuwa anahema kwa shida, akaenda barazani kutafuta hewa, akaacha kopo lake limkalie zamu. Msusi alimtazama mdogo wake anavyotetemeka. Aliinama kana kwamba anafunga kiatu, akalisukuma kopo nyuma, akazisogeza kandambili mbele. Shubiri moja tu.

Mama Fundi aliporudi alisimama muda mrefu akiangalia sakafu. "Nani amegusa kitu changu?" aliuliza. Alilazimika kupumzika katikati ya maneno. Korido nzima ikawa kimya. Msusi alitoa simu akasoma ujumbe ambao haukuwepo. Karani akaja, akaweka nambari thelathini juu ya kandambili, akamwambia Mama Fundi, "Wewe rudi Jumanne ijayo." Mama Fundi akaondoka na kopo kwapani, akisimama kila baada ya hatua nne. Alhamisi akafa. Mzee Redio, ambaye ni jirani yake, ndiye aliyeleta habari, na wote walisema pole, pole sana, alikuwa mtu mwema.

"Ulinyamaza kwa nini, kama uliona?" msusi alimuuliza sasa, hasira zimemjaa.

"Kwa sababu mimi nilikuwa nambari kumi na moja," mzee alijibu. "Yangu ilikuwa salama. Nenda kwa Bibi Mnong'ono. Nenda leo."

Bibi Mnong'ono hakuwa wa kutafutwa mbali. Alikuwa pale pale kwenye benchi, mgonjwa wa koo, kila Jumanne anaweka kwenye foleni fimbo yake fupi. Alifukuza majini kwa miaka arobaini, sauti yake ilisikika nyumba ya tatu, watu husimulia. Sasa uvimbe ulikuwa umeila sauti yote, akabaki na pumzi tu. Ili umsikie ulilazimika kuweka sikio karibu na mdomo wake, na ndivyo msusi alivyofanya, akamsimulia yote kwanza bila kuficha, kisha akatega sikio.

"Siwezi kumfukuza," bibi alinong'ona.

"Kwa sababu huna sauti? Nitatafuta mwingine mwenye sauti."

"Hata mwenye sauti ya radi. Kila mtu ana jini wake anayemfuata tangu kuzaliwa. Mtu akifa ametulia, naye huenda zake. Akifa na uchungu kama ule, wake hana pa kwenda. Anabaki kazini. Huyu jini wa Mama Fundi hakuja kucheza, mwanangu. Ana haki yake. Mimi nafukuza wavamizi. Huyu ni mdai."

"Anadai nini?"

"Viwili. Zamu yake, aonwe na daktari kama mtu. Na jibu. Aliuliza swali pale mbele za watu, hakujibiwa."

Msusi alisema polepole, "Zamu tutampa. Jibu nitamnong'oneza mle ndani."

"Mlango utakuwa wazi," bibi alisema. "Lilifanyika mbele za watu, litasemwa mbele za watu. Na usimdanganye hata neno moja. Wa hivi hudanganyika mara moja tu."

"Mdogo wangu atasikia."

"Atasikia."

"Na akishasikia?"

"Hayo ya kwenu nyumbani siyajui."

Wiki ile msusi hakulala vizuri wala kula vizuri. Alimtazama mwalimu akikata maua ya karatasi kwa ajili ya watoto wake wa chekechea, mkono mmoja umeshika mkasi na mwingine umeshika ubavu, akajiambia mara mia: afadhali anichukie akiwa hai. Uamuzi huo alikuwa ameshaufanya. Kilichobaki ilikuwa kumwomba daktari.

Alimvizia Jumatatu kwenye maegesho. Alidhani atafukuzwa. Lakini daktari, kijana aliyechoka hadi kope, alimsikiliza akiwa ameegemea gari lake, na rangi ikamtoka usoni.

"Kwa hiyo si mimi tu," alisema. "Anaingia mtu. Namwambia kaa. Nasikia kiti kinalia. Halafu nasahau nilikuwa nafanya nini, nasahau hata jina langu, na nikija kushtuka niko wodini nimeshika koti. Nilifikiri ni uchovu. Niliandika barua ya kuomba likizo."

"Daktari, mpokee kama mgonjwa. Mpe muda wake wote. Tafadhali."

"Faili lake liko kwenye makabati ya marehemu," daktari alisema, akafikiri kidogo. "Nitalitoa."

Jumanne ikafika. Walifika wa kwanza tena, na kopo likawatangulia tena. Safari hii msusi hakukimbia wala kulia. Aliziweka kandambili nyuma ya kopo kwa adabu. Nyuma yake Bibi Mnong'ono akaweka fimbo yake. Korido ikajaa hadi nje, watu zaidi ya arobaini, maana habari hutembea. Karani aligawa nambari, moja kwa kopo, mbili kwa kandambili, tatu kwa fimbo, mpaka thelathini. Mama mmoja mnene mwenye mkono uliovimba, aliyeshuka basi la usiku, alikuwa wa thelathini na moja. Aliambiwa arudi wiki ijayo. Hakuwa na nguvu ya kuondoka, akakaa sakafuni.

"Nambari moja!"

Msusi alipiga moyo konde, akaliokota kopo. Lilikuwa zito kuliko kopo la nyuzi, zito kama mtoto aliyelala. "Mimi ni msindikizaji wake," alimwambia karani. Mlango ukafunguka. Bibi Mnong'ono alijivuta hadi kizingitini, akauzuia na fimbo yake usifungwe.

"Karibu, mama," daktari alisema. "Kaa."

Kiti kikalia. Msusi alikaa kwenye kiti cha pili, kopo mapajani, na upande wake wote wa kushoto, kuanzia bega hadi kisigino, ukaingiwa na baridi ya mtu aliyelala mochwari. Tak-tak-tak ikaanza chini ya meza.

Daktari alifungua faili. Alifanya kazi yake, na alifanya kama inavyotakiwa kufanywa, bila haraka, kwa namna ambayo hakuna mgonjwa wa kliniki ile aliyewahi kuonwa. Aliuliza maumivu yalianza lini. Alisubiri. Aliuliza kama analala chali. Alisubiri, akaandika. Alisimama na kifaa chake cha kusikiliza kifua, akakiweka hewani mahali ambapo mgongo wa mtu ungekuwa, na watu waliokuwa karibu na mlango waliona uso wake ukibadilika, kwa sababu kule masikioni, kwenye mipira ile miwili, alikuwa anasikia kitu, na kitu chenyewe kilikuwa ni maji, maji yanayochemka polepole ndani ya kifua ambacho hakikuwepo, na katikati ya maji pumzi inayojitahidi kupanda, inapanda, inashuka kabla ya kufika, inapanda tena.

Alikaa. Alivua kifaa.

"Mama," alisema, "nikwambie kweli?"

Cherehani ilisimama.

"Ulikuwa na maji kwenye mapafu. Kama ungenifikia siku ile, ningeyatoa kwa sindano. Ni kazi ya nusu saa. Saratani nisingeahidi kuimaliza, hilo sikudanganyi. Lakini usingekufa Alhamisi. Ungeondoka hapa unapumua."

Mtu mmoja koridoni alianza kulia kwa sauti. Baridi iliyokuwa ubavuni mwa msusi iligeuka ikamkabili. Alijua imegeuka, kama unavyojua gizani kwamba mtu anakutazama. Kopo likatikisika mapajani mwake, sindano zikagongana ndani. Harufu ya mafuta ilimjaa kooni hadi akakohoa. Hapakuwa na sauti iliyouliza, lakini watu wote arobaini walisema baadaye kwamba waliisikia, kila mmoja kwenye sikio lake, ikipumzika katikati ya maneno: Nani. Amegusa. Kitu changu.

Msusi aliangalia mlangoni. Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma ya bega la Bibi Mnong'ono, ameishika karatasi ya nambari mbili.

"Mimi," msusi alisema. "Nilikusogeza nyuma, nikamweka mdogo wangu. Ulikuwa barazani. Nilikuona unavyohema, mama, sikuwa kipofu. Nilikuona nikafanya." Machozi yalimtiririka lakini sauti haikukatika. "Nimeambiwa nisikudanganye. Basi sitasema ninajuta wakati nikimwangalia yule pale. Siku ile ikirudi, nitafanya tena. Ukitaka kunichukua, nichukue. Yeye muache aingie."

Daktari alikuwa amefumba macho. Halafu kiti kikalia tena, kile kilio cha kiti mtu anapoinuka, na kopo likawa jepesi ghafla, kopo tupu la bati. Hakuna aliyemkaba msusi koo. Hakuna aliyempiga. Kitu kilipita tu mlangoni, kikashuka koridoni bila haraka, na watu kwenye mabenchi, mmoja baada ya mwingine, walivuta magoti yao kukipisha. Mzee Redio alivua kofia. Harufu ilipita nacho, ikaishia getini.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na nusu. Daktari alijifuta uso, akafunga faili, akalipiga mhuri.

"Nambari mbili," karani aliita, sauti imekauka.

Msusi alikurupuka kwenye kiti. Alikuwa anacheka na kulia. "Ingia! Ingia, mdogo wangu, kaa hapa, amekwenda!"

Mwalimu hakuingia. Alimtazama dada yake kama anavyomtazama mtoto aliyemuumiza mwenzake uwanjani, bila ukali, akisubiri aelewe mwenyewe.

"Siku ile nilikuwa nimelala benchini," alisema. "Niliamka ukaniambia tumepata thelathini. Nikasema asante Mungu."

"Tutaongea nyumbani. Ingia kwanza."

"Wiki zote hizi nilikuwa nimemkalia yule mama, dada. Nimekaa juu ya kifua chake. Nikapata dripu yangu, nikaenda kuwafundisha watoto kupanga mstari."

"Sikia, nichukie! Nichukie unavyotaka, lakini daktari amesema leo ndiyo mwisho, umesikia, ukikosa leo—"

"Nimesikia. Nilikuwa macho nesi alipokwambia."

Akageuka. Alitembea polepole, ameshika ukuta, akapita kofia na miavuli na mifuko, hadi kule chooni ambako yule mama mwenye mkono uliovimba alikuwa amekaa sakafuni. Aliinama, na kuinama kulimchukua muda, akampa karatasi.

"Ingia wewe, mama," alisema. "Mimi nitarudi wiki ijayo."

Msusi alipiga kelele iliyowatoa manesi wodini. Alimvuta mdogo wake mkono, akapiga magoti, akamsihi karani, akamsihi daktari. Daktari alitoka mlangoni akasema, "Mwalimu, nitakuona wewe pia, nitakaa hadi jioni," na mwalimu akamwomba samahani, akasema hapana, watu thelathini wanatosha kwa mtu mmoja, na nje kuna wengine kumi ambao hawakuambiwa hivyo. Akachukua kandambili zake, akavaa. Mama wa thelathini na moja alikuwa ameinuka, karatasi mkononi, aibu na furaha zimemchanganya. Aliangalia huku na huku. Akaingia, na mlango ukafungwa.

Mwalimu alikuwa ameshafika dirisha la mapokezi. Msusi alirudi mbio kwa Bibi Mnong'ono, akamshika mabega yule bibi mgonjwa na kumtikisa.

"Hajatoka!" alilia. "Umenidanganya! Amemwingia mdogo wangu! Huyu siye yeye, mdogo wangu hawezi kuniacha hivi, mtoe! Mtoe, nakuomba!"

Bibi alimvuta karibu hadi midomo yake ikagusa sikio.

"Jini ametoka, mwanangu, tumepishana naye hapa mlangoni. Yule anayeondoka ni mdogo wako mwenyewe."

Msusi alikuwa bado amemng'ang'ania bibi mlango ulipofunguka na mama wa mkono uliovimba akatoka. "Nambari tatu," karani aliita. Bibi Mnong'ono akaitoa mikono ya msusi mabegani mwake, mmoja mmoja, akachukua fimbo yake, akaenda kuonwa.